Nani Alimlipa Bayi Mshahara wa Januari?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu alichomoka mbele bastola ilipolia na hakuna aliyempata tena. Filbert Bayi alimaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaifuta rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand, akikimbia kwao na mbele ya watu wake, naye alipita chini ya rekodi ile ya zamani, lakini alikuwa wa pili. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Habari hizo zilitufikia kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, nami nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi Mbulu. Tangu hapo nimesikia watu wakiuliza kila kitu kuhusu mbio zile. Alikuwa anakula nini? Alifanya mazoezi gani? Kwa nini hakuogopa kuanza kwa kasi ile?

Mimi huuliza jambo jingine. Mwisho wa Januari 1974, siku chache kabla ya mbio zile, ni nani aliyempa Bayi mshahara?

Nimefundisha hisabati na michezo katika shule za msingi, kisha nikawa afisa michezo wa wilaya huku kwetu nyanda za juu, hadi nilipostaafu. Swali hilo nimekuwa nikiwauliza walimu vijana kila tunapokutana, kwa sababu naamini jibu lake limebeba historia ya namna taifa letu lilivyowalea mabingwa, na namna lilivyoacha kuwalea.

Jibu ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Bayi alikuwa mwanajeshi. Alikula chakula cha jeshi, alilala katika nyumba ya jeshi, alipougua malaria alitibiwa na jeshi, na alipokwenda kukimbia nje ya nchi hakupoteza kazi. Hakuna mtu aliyemwita mwanariadha wa kulipwa, na kwa sheria za wakati ule hakuwa hivyo. Lakini serikali ilikuwa imemwondolea hofu ya kesho, na mkimbiaji asiye na hofu ya kesho anaweza kuamka alfajiri na kukimbia kilomita 20 akijua kwamba mchana atakula.

Mambo hayo hayakuzuka ghafla. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Miaka mitano baadaye, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha Sheria Na. 12 ya 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, hili tunaloliita BMT hadi leo. Kabla ya hapo michezo ilikuwa mambo ya vilabu na vyama, vingine vikiwa bado na sura ya kikoloni, ambapo Mzungu alikuwa na chake, Mhindi na chake, Mwafrika na chake. Sheria ile iliweka vyama vyote chini ya mwavuli mmoja na kuifanya michezo kuwa wajibu wa dola.

Wajibu huo ulikuja na mashaka yake. Siasa ya Ujamaa haikutaka michezo iwe biashara. Mchezo ulikuwa wa ridhaa, yaani wa hiari na wa heshima, na Olimpiki yenyewe wakati ule ilimkataa mtu anayelipwa kwa kukimbia. Sasa, mtoto wa mkulima wa Mbulu mwenye kipaji atakimbiaje kila siku bila kulipwa, wakati shamba linamngoja na wadogo zake wanataka ada na chakula? Nchi ilikuwa maskini. Wizara haikuwa na fedha za kumlisha mwanariadha mmoja mmoja mwaka mzima.

Mzee John Stephen Akhwari ni mfano wa hali ilivyokuwa kabla ya jibu kupatikana. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Alianguka njiani, akaumia goti vibaya, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaanza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, naye alikuwa wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Dunia nzima inalikumbuka jibu lile. Huku Mbulu tunakumbuka pia kwamba mtu yule aliyetumwa na taifa alirudi kwao kulima.

Jibu la serikali lilikuwa ajira. Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa vilikuwa na bajeti, mabwalo, zahanati, viwanja na nidhamu. Mashirika ya umma yalikuwa na mishahara na magari. Mwanamichezo akiajiriwa huko, posho ya mazoezi haikuhitajika kwa sababu alikuwa na mshahara. Fedha kubwa ya michezo ya nchi hii, kwa hiyo, haikupita mlango wa wizara ya michezo. Ilipita katika orodha za mishahara za vikosi na mashirika, na ndiyo maana wanaotafuta katika vitabu vya bajeti kiasi gani Tanzania ilitumia kumpata Bayi hawatakiona.

Majirani zetu walifanya vivyo hivyo. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alikuwa polisi. Afrika Mashariki yote iligundua kwamba sare ya serikali ni njia ya kumlisha mkimbiaji bila kuvunja sheria ya ridhaa. Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuiacha njia hiyo. Stephen Kiprotich, aliyeipa Uganda dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, alikuwa askari wa Magereza, na Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na baadaye wa mita 10,000, ni polisi.

Lakini jeshi haliwezi kumwajiri mkimbiaji asiyejulikana. Lazima awepo wa kumwona kwanza, na hapo ndipo walimu tulipoingia.

Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ngazi ya mashindano ya shule ilikuwa bado imesimama. Mashindano yalianza darasa kwa darasa, yakaenda kata, tarafa, wilaya, mkoa, hadi taifa: UMISHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Tulichora njia za mbio kwa majivu pale chokaa ilipokosekana. Tuliwapeleka watoto wilayani juu ya lori la chama cha ushirika, wakiwa wamekalia magunia, wakiimba njia nzima. Walilala madarasani juu ya mikeka na kula ugali na maharage yaliyotokana na michango ya wazazi. Wengi walikimbia miguu mitupu. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa na saa ya kupimia mbio, na saa hiyo ilizunguka wilaya nzima kwa ratiba.

Pembeni ya uwanja wa mkoa walisimama watu wawili watatu wenye madaftari. Hao walikuwa maafisa michezo wa vikosi. Hawakupiga kelele wala hawakutoa zawadi. Waliandika jina, shule, na muda wa mbio, kisha wakamwuliza mwalimu mambo matatu: kijana huyu ana tabia gani, anasoma darasa la ngapi, na baba yake ni nani. Akifika umri na akiwa bado anakimbia, barua ilikuja.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliitwa kwa njia hiyo. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Aliishia kukimbia mbio za nyika za majeshi. Lakini mwaka wa pili wa ajira yake baba yake aliezeka nyumba kwa bati, na msimu uliofuata watoto waliojitokeza kwa mazoezi ya jioni walikuwa wengi kuliko uwanja ulivyoweza kuwachukua. Hakuna hotuba iliyowahi kufanya kazi kama bati lile. Wazazi waliokuwa wakituambia tunawapotezea watoto muda wa kuchunga walianza kuuliza mazoezi ni saa ngapi.

Matunda ya mpango huu yalionekana mapema. Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Bayi alimshinda Keino mwenyewe katika mita 1500. Mwaka uliofuata ikaja Christchurch. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0 na kuivunja rekodi nyingine ya Ryun. Kocha wake alikuwa Erasto Zambi, Mtanzania mwenzetu. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa siku hizi tumezoea kuamini kwamba ujuzi lazima ushuke kwenye ndege.

Anayemlisha mchezaji, hata hivyo, ndiye pia mwenye kauli ya mwisho. Mwaka 1976 dunia nzima ilingoja kumwona Bayi na Walker wakikutana Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru waliishi na kufunzwa katika ardhi yetu. Tanzania ilisema haitashindana pamoja na New Zealand, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia pia. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameupita kwa mbali mara nyingi.

Nimejadiliana na wenzangu jambo hili kwa miaka mingi. Naamini uamuzi ulikuwa wa haki. Taifa lililowapokea wakimbizi wa ubaguzi halikuweza kwenda kupeana mikono na wanaocheza na wabaguzi. Lakini haki ile ililipwa kwa miguu ya kijana mmoja, katika mwaka ambao hautarudi, na wakimbiaji wengine ambao majina yao hatukupata kuyajua walipoteza pia nafasi yao. Serikali inapomfadhili mwanamichezo inachukua pia miaka yake, nayo ni michache. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kumtunza hata pale asipoleta medali.

Miaka minne baadaye mambo yaligeuka. Marekani ilitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Februari 1980 Rais Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuja kuishawishi Afrika, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Wananchi walimpenda Ali, lakini waandishi walimwuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia mwaka 1976, naye hakuwa na la kujibu. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda.

Na huko Moscow ndiko tulikopata medali zetu mbili za Olimpiki, ambazo hadi Paris 2024 hazijaongezewa ya tatu. Bayi, ambaye sasa alikuwa amehamia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliongoza kwa mwendo ule wake wa Christchurch hadi mzunguko wa mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Fedha, kwa dakika 8 na sekunde 12.5. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui alishika nafasi ya pili katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, tofauti yao ikiwa chini ya sekunde moja.

Nyambui ananipa nafasi ya kusema ukweli mwingine. Yeye alikuwa mwalimu kutoka Majita, mkoa wa Mara, na wakati wa Moscow alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, ambako alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978 akiwa hajulikani na mtu, alipita El Paso pia, kisha akashinda mita 10,000 mjini Brisbane mwaka 1982. Zakaria Barie, aliyekuwa wa pili nyuma yake siku ile, alikuwa wa huko huko. Vyuo vya Marekani vilituchukulia mzigo kwa kuwapa masomo, chakula na kocha. Lakini watu hao walifika El Paso wakiwa tayari wakimbiaji. Mbegu ilikuwa imeoteshwa hapa.

Mfano kamili wa malezi yetu ya ndani ni Juma Ikangaa, afisa wa JWTZ kutoka Dodoma. Katika marathoni ya Brisbane yeye na Shahanga waliwaacha wenzao kwa mbali, hadi Robert de Castella wa Australia akawafukuza na kumpita Ikangaa karibu na mwisho. De Castella alitumia saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Baadaye Ikangaa alishinda Tokyo, Fukuoka na Beijing, akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo kuanzia 1988, na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Muda wote huo alibaki jeshini. Alisisitiza kwamba hamu ya kushinda haina maana bila hamu ya kujiandaa. Maandalizi ya miaka kumi, naongeza mimi, yanahitaji mwajiri wa miaka kumi.

Wakati Ikangaa anashinda New York, ngazi iliyompandisha ilikuwa inaoza chini. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekomba hazina. Miaka ya 1980 tulipanga foleni ya sukari na sabuni, na shule ambayo haina chaki haiwezi kuwa na mikuki na viunzi. Mwaka 1992 iliundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na mashirika yakaanza kuuzwa au kufungwa. Sina ugomvi na hesabu za waliouza. Mengi yalikuwa yanakula hasara. Lakini hakuna aliyehesabu kwamba pamoja na kiwanda ilikuwa inauzwa timu ya netiboli, timu ya riadha, uwanja na mshahara wa kocha. Mnunuzi alitaka mitambo. Viwanja vikawa maghala. Timu kama Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza, zilizotetemesha ligi ya soka zikiwa na shirika nyuma yake, zilijikuta hazina mlezi.

Serikali ilitoa Sera ya Maendeleo ya Michezo mwaka 1995, waraka mzuri ulioandikwa wakati walipaji hawapo tena. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa, kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, na somo la michezo likamezwa na masomo mengine. Yalirudishwa miaka kadhaa baadaye, lakini pengo lilikuwa limeshatokea. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka yaliposimama alimaliza shule bila mtu yeyote kuandika muda wake wa mbio. Katika wilaya yetu nilishuhudia walimu wa michezo wakihamishiwa masomo mengine, na viwanja vikilimwa mahindi. Wale watu wenye madaftari walipokuja, hawakuwa na cha kutazama.

Vipaji havikwisha. Mwaka 2005 Christopher Isengwe alipata fedha ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini Helsinki, na Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mjini Edmonton. Samson Ramadhani alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006. Lakini kijana wa Arusha au Manyara asiye na sare alikuwa sasa mikononi mwa mawakala wa mbio za barabarani. Wapo waaminifu miongoni mwao, na wapo waliomkimbiza mtoto marathoni nyingi mno kwa mwaka mmoja ili wapate asilimia yao, hadi magoti yakafa.

Serikali ilirudi kwenye michezo kwa nguvu, lakini kwa mlango mwingine. Chini ya Rais Kikwete ilibeba gharama ya kocha Mbrazil Marcio Maximo aliyekuja kuifundisha Taifa Stars mwaka 2006, na mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya wa taifa wenye viti 60,000, uliojengwa na Wachina, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Taifa Stars ilifuzu CHAN ya kwanza, mwaka 2009. Mwaka 2014, kabla ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, Wizara ya Mambo ya Nje iliwatafutia wanamichezo wetu kambi Ethiopia, China, Uturuki na New Zealand. Ilikuwa nia njema, nasi tulifurahi. Walirudi bila medali hata moja, kwa sababu kambi ya miezi michache haiwezi kufanya kazi ya miaka kumi.

Machi 2019 Taifa Stars ilipofuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, Rais Magufuli aliwapa wachezaji viwanja Dodoma. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga walifunga katika mashindano ya Afrika, na nchi nzima ikajua maana ya goli la Mama. Nashukuru kwa hayo yote. Kiongozi wa nchi anapotazama mpira na kutoa chake, wachezaji hupata moyo, na kijana anayepewa kiwanja anapata cha kuwaachia watoto. Lakini zawadi humfikia yule aliyekwisha fika. Kati ya mtoto anayekimbia miguu mitupu Dongobesh na siku ya kupokea zawadi Ikulu kuna miaka kumi ya kula, kulala, kutibiwa na kufundishwa. Serikali ya miaka ya 1970 ilikuwa maskini kuliko ya leo kwa kila kipimo, na ililipia miaka ile kumi.

Anayedhani nasimulia ya kale tu amtazame Alphonce Simbu. Ni mtoto wa Singida na ni askari wa JWTZ. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini London mwaka 2017, na fedha ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022. Kati ya miaka hiyo alikuwa na misimu ambayo hakuna aliyemtaja redioni. Mkimbiaji wa wakala angeachwa hapo. Simbu alikuwa na kikosi chake. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walivuka mstari pamoja kwa saa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Mashindano ya Dunia ya riadha, na aliyeileta alikuwa na miaka 33. Ushindi ule ulilelewa kwa uvumilivu wa mwajiri.

Wapo pia wanawake waliofika mbali. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville, Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kuleta medali kutoka nje. Septemba 2023 Magdalena Shauri, naye wa JWTZ, alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41. Lakini kati ya hao wawili kuna orodha fupi mno. Mpango wa zamani ulijengwa kwa wavulana. Msichana aliyefuzu mkoani aliolewa kabla barua ya kikosi haijafika, na sisi walimu hatukwenda kwa baba yake mara za kutosha. Kama ngazi itajengwa upya, isijengwe na kasoro hiyo.

Na ijengwe. Njia haihitaji kubuniwa. Tuliitembea na tunajua inakofika. Majeshi na taasisi za umma zitenge kila mwaka nafasi za ajira kwa wanariadha, idadi yake itangazwe hadharani, na nusu iwe ya wasichana. Mfuko wa maendeleo ya michezo, unaopata sehemu ya kodi ya kubashiri matokeo, upeleke fedha shuleni kwanza, kwa mwalimu wa michezo, viatu na saa za kupimia mbio, kabla ya kupeleka kwenye sherehe. Viwanja vya shule vipimwe na kupewa hati ili asitokee wa kuvilima wala kuviuza. Halmashauri ziseme kila mwaka ni watoto wangapi wamekimbia wilayani na muda wao ni upi.

Tunajenga viwanja vikubwa Arusha na kwingineko kwa ajili ya AFCON ya 2027, tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Navitakia heri. Lakini wizara itakaposoma bajeti yake, ningependa mbunge mmoja asimame aulize swali dogo kuliko viwanja hivyo: katika nchi hii, mwezi huu, ni vijana wangapi wa miaka 18 wanaolipwa mshahara wa serikali ili wakimbie, na majina yao yako kwenye daftari la nani? Jibu la swali hilo ndilo litakalotuambia kama tutapata medali ya tatu ya Olimpiki.